Bibi yangu kazikwa Kionga, Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma: wenzetu wa mpakani kule Ireland wanajitambuaje?

BintiKilambo:

Wakuu habari za jioni. Naomba msaada kwenye jambo linaloninyima usingizi, na nitashukuru zaidi akijitokeza anayeishi huko au aliyewahi kuishi.

Mimi ni mzaliwa wa Kilambo, Mtwara Vijijini. Kwa sasa niko Mtwara mjini, nauza samaki wakavu. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ni muuguzi Newry, mji wa Ireland Kaskazini ulio jirani kabisa na mpaka. Juzi kanitumia ujumbe mrefu wa sauti WhatsApp. Anasema akipanda basi kwenda Dundalk, ambayo ni nchi nyingine, hakuna geti, hakuna askari, hakuna kugonga muhuri. Unajua umevuka kwa sababu vibao vya mwendo vinasoma kilomita badala ya maili, na dukani wanataka yuro badala ya pauni.

Hilo nimelielewa. Lililonishinda ni hili. Wodini kwake kulikuwa na wazee wawili, vitanda vimepakana. Wote wamezaliwa kaunti moja, wote lafudhi moja. Mmoja anasema yeye ni Mwairishi, mwenzake anasema yeye ni Mwingereza, na serikali inawakubali wote wawili. Hakuna anayeambiwa anadanganya.

Sasa nauliza: wanajuaje? Ni damu, ni kanisa, ni karatasi? Na nani mwenye neno la mwisho, mtu mwenyewe au ofisi?

Nieleze kwa nini inaniuma. Niliwahi kufuatilia karatasi zangu kwenye ofisi moja. Maswali yalianza vizuri: jina, kijiji, shule. Tukafika kwa bibi mzaa mama. "Kazikwa wapi?" Nikasema Kionga. Yule kijana akaweka kalamu chini, akageuka kwa mwenzake, akasema, "Huyu kumbe wa kule." Nikaambiwa nirudi na mashahidi.

Bibi yangu alizaliwa Kilambo. Alivuka kwenda kumsaidia kaka yake kuvuna mpunga, akaugua hukohuko, akafariki masika, mto umefura, mitumbwi haivuki. Mwili ungekaaje? Wakamzika kwa kaka yake. Mama yangu kazaliwa Kilambo, mimi kazaliwa Kilambo. Na kwetu Wamakonde ukoo unafuata upande wa mama, kwa hiyo ukinigusia bibi mzaa mama umegusa penyewe. Siwezi kumkana ili karatasi itoke.

---

MnewalaUghaibuni:

Dada BintiKilambo, salama? Pole kwa hayo yaliyokukuta. Mimi ni wa Newala, Kitangari, lakini niko huku muda mrefu. Natunza wazee kwenye nyumba ya wazee huko Fermanagh, kaunti ya mpakani upande wa magharibi. Nitakujibu kwa yale ninayoyaona kazini, maana wazee ndio wenye habari.

Kwanza ujue mpaka wenyewe ni mchanga. Kisiwa chote kilikuwa chini ya Uingereza. Mwaka 1921 kikakatwa: kaunti sita za kaskazini zikabaki Uingereza, ishirini na sita zikaenda kuwa nchi yake. Mstari haukuchorwa kwa kuangalia nani anaishi wapi, ulifuata mipaka ya zamani ya kaunti, ile iliyokuwa inatumika kwa kodi na mahakama. Ikaundwa tume ya kuurekebisha, ikasambaratika mwaka 1925, mstari ukabaki palepale. Una urefu wa kilomita 500 hivi, unapita katikati ya mashamba, unapita juu ya vijito. Kutoka Clones kwenda Cavan kuna barabara inayoukata mpaka mara nne ndani ya safari fupi tu. Dereva mgeni hajui hata yuko nchi gani.

Karibu na ninakofanyia kazi kuna kijiji kinaitwa Pettigo. Katikati kinapita kijito cha Termon, kina daraja dogo la mawe. Upande huu Uingereza, upande ule Ireland, na upande wa Uingereza wanauita Tullyhommon. Usiufikirie Ruvuma, dada. Hakuna viboko wala mamba, hakuna kungoja pantoni. Mtu anavuka kwenda kununua mkate. Lakini tangu Aprili 1923, forodha ilipoanza, mkate, siagi, ng'ombe, vyote vikawa na maswali. Wazee wananisimulia magendo ya siagi kwa namna ileile wazee wetu wanavyosimulia magendo ya vitenge.

Sasa swali lako la kanisa. Kwa kawaida Mkatoliki atakwambia ni Mwairishi, na Mprotestanti, ambaye mara nyingi wazee wake waliletwa kutoka Uskoti na Uingereza miaka ya 1600, atakwambia ni Mwingereza. Hiyo ni kawaida, si sheria. Wenyeji wanatambuana kwa jina, kwa shule, hata kwa namna mtu anavyotamka herufi H. Mimi mgeni ilinichukua muda, sasa nasikia.

Usisahau kwamba watu walikufa kwa hili. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 hadi 1998, zaidi ya watu 3,500 waliuawa. Hapo Newry kwa mpwa wako, Agosti 1972, bomu lililipuka kwenye ofisi ya forodha, watu tisa wakafa. Barabara ndogo za mpakani wanajeshi walizichimba mashimo kwa baruti ili zisipitike. Wanakijiji wakija Jumapili na matrekta, wanafukia. Wiki ikiisha, zimelipuliwa tena. Kuna bibi mmoja ninayemhudumia, shamba la baba yake lilikuwa pande zote mbili. Anasema barabara ilipokatwa, jirani ambaye alikuwa anamwona akianika nguo akawa yuko mwendo wa saa nzima kwa gari.

Ndipo Aprili 1998, siku ya Ijumaa Kuu, wakafikia makubaliano. Mwezi uliofuata yakapigiwa kura pande zote mbili za mpaka; kaskazini waliokubali walikuwa asilimia 71. Ndani yake kuna kifungu kinachojibu swali lako, dada: mtu wa Ireland Kaskazini ana haki ya kuzaliwa nayo ya kujitambua na kukubaliwa kuwa Mwairishi, au Mwingereza, au vyote viwili, kadiri anavyochagua mwenyewe. Na anaweza kushika uraia wa nchi zote mbili. Mwenye neno la mwisho ni mtu. Kaburi haliulizwi.

Huyo bibi niliyemtaja ni Mprotestanti, picha ya marehemu Malkia iko ukutani kwake. Chini ya kitanda ana bati la biskuti, humo ndani kuna pasipoti mbili. Moja ya Uingereza, ya bluu. Nyingine rangi ya mvinyo, ina kinubi, ya Ireland. Alinionyesha siku moja nikiwa namtafutia miwani. Ile ya Ireland aliichukua baada ya Uingereza kupiga kura ya kujitoa Umoja wa Ulaya mwaka 2016, kwa kuwa binti yake yuko Hispania na foleni ya Ulaya inakwenda haraka. Nikamuuliza, sasa wewe ni nani? Akanijibu kwamba yeye ni Mwingereza kama baba yake, na ni mtu wa Fermanagh, na asingependa mtu wa London amwambie yeye si mtu wa Ireland, maana kazaliwa hapa. Alisema kwa ukali kidogo, kwa hiyo nikaendelea kutafuta miwani.

Na hayuko peke yake. Sensa ya 2021 iliwapa watu nafasi ya kujieleza. Waliosema ni Waingereza tu walikuwa asilimia 31.9, Waairishi tu asilimia 29.1, na asilimia 19.8 wakasema wao ni watu wa Ireland Kaskazini tu, basi. Waliobaki walichanganya, au walitoka kwingine kama mimi. Waliokuwa na pasipoti ya Ireland walifika karibu theluthi moja. Kwa hiyo pasipoti haikwambii kila kitu, na kanisa nalo haliwezi kukumalizia hesabu.

Jambo la bibi yako sasa. Ireland wana sheria kwamba ukiwa na bibi au babu aliyezaliwa popote kisiwani, kaskazini au kusini, unaweza kujiandikisha na kuwa raia wao, hata kama wewe na wazazi wako mmezaliwa Liverpool. Baada ya 2016 Waingereza wengi walianza kupekua vyeti vya kuzaliwa vya bibi zao. Nilipoisoma habari yako ya kalamu kuwekwa chini, hili ndilo lililonijia. Wewe bibi kakufungia mlango, wenzako bibi kawafungulia.

---

NgumiLindi:

Mnewala umemwaga madini. Mimi niko Lindi mjini, nafundisha vijana ngumi, naongeza kidogo kwa upande ninaoujua.

Umetaja Clones. Huko ndiko alikotoka Barry McGuigan, bingwa wa uzani wa unyoya. Clones iko upande wa kusini, pembeni kabisa ya mpaka. Yeye Mkatoliki, kaoa Mprotestanti, na aliyafanya haya katikati ya mauaji. Alichukua uraia wa Uingereza ili apiganie mkanda wa Uingereza, na wako waliomwita msaliti. Akipanda ulingoni hakubeba bendera ya Ireland wala ya Uingereza, alibeba bendera ya amani yenye njiwa. Wimbo wa taifa haukupigwa, baba yake mzazi ndiye aliyekuwa anaimba wimbo wa nyumbani ambao pande zote wanaujua. Juni 1985 kule London akamshinda Eusebio Pedroza wa Panama kwa pointi, raundi 15. Pambano lake likiwepo Belfast, Wakatoliki na Waprotestanti walikaa ukumbi mmoja.

Michezo kwao ni hivyo hadi leo. Raga wana timu moja ya kisiwa kizima. Mpira wa miguu wana timu mbili, na kijana wa kaskazini anaweza kuichezea ya kusini. James McClean wa Derry alianzia timu za vijana za kaskazini akaishia kuwa nguzo ya Jamhuri ya Ireland.

---

MzeeWaNachingwea:

BintiKilambo mwanangu, nimekusoma, na mimi nina machungu na hilo, lakini niruhusu nitofautiane na mwenzako wa Newala.

Mpaka wetu na wa kwao havifanani. Kule walipigania mpaka uondoke au ubaki. Sisi hakuna aliyepigana na Mmakonde wa ng'ambo. Mjerumani na Mreno walikubaliana Ruvuma mwaka 1886, huko kwao, basi. Na hiyo Kionga ya bibi yako ina historia yake. Iko kusini ya mto, lakini Mjerumani aliichukua 1894, Mreno akaingia 1916 wakati wa vita, na 1919 wakubwa wa dunia wakampa kabisa. Mtu aliyezaliwa Kionga mwaka 1900 alizaliwa chini ya Mjerumani, na kabla hajatimiza miaka 20 akawa chini ya Mreno, hajahama hata kibanda.

Mimi nilikuwa mtoto hapa Nachingwea wakati Frelimo, wapigania uhuru wa Msumbiji, wana kambi yao ya mafunzo. Baada ya mauaji ya Mueda, kule Msumbiji, ya Juni 1960 watu walivuka kwa wingi, wakapokelewa Newala, Tandahimba, mpaka huku. Sisi watoto tulitumwa na mama zetu kupeleka mihogo. Samora tulimwona kwa macho. Mei 1975 akavuka Ruvuma kurudi kwao, akaizunguka nchi yake hadi Maputo, na Juni 25 wakapata uhuru. Sikumbuki mtu mzima hata mmoja aliyesema hawa si wetu.

Ila nyakati zimebadilika. Tangu Oktoba 2017 Cabo Delgado, jimbo la Msumbiji lililo ng'ambo ya mto, inawaka kwa mashambulizi ya waasi. Oktoba 2020 waasi hao walivuka wakaingia Kitaya, upande wetu, nyumba zikachomwa, watu wakauawa, Watanzania wenzetu. Kitaya na kwenu Kilambo ni mto mmoja. Askari au karani akiuliza sana, wakati mwingine anauliza kwa sababu ana watu wa kulinda. Hao Waairishi wenyewe waliishi na minara ya wanajeshi juu ya vilima miaka mingi, na haikushuka mpaka silaha ziliponyamaza.

---

BintiKilambo:

Shikamoo mzee wangu. Kitaya nina ndugu, kwa hiyo unaloongea nalijua, na wala sisemi tusiulizwe. Niulize navuka na nani, nabeba nini, nalala wapi. Hayo nitajibu usiku na mchana. Mtu anayechoma nyumba anatambulika kwa anachofanya. Kuulizwa kaburi ni jambo jingine. Aliyekuja Kitaya na panga na bibi yangu aliyekwenda kuvuna mpunga hawawezi kuingia kwenye swali moja. Na waliochomewa Kitaya wenyewe nao wana makaburi ng'ambo, mzee. Nao tutawaambia ni wa kule?

Mimi sitaki pasipoti mbili. Najua sheria yetu hairuhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili, na sina haja nayo. Mimi ni Mtanzania, hilo sina mashaka nalo hata kidogo. Ninachotaka ni kuwa Mtanzania mwenye shangazi na wajomba Kionga, niseme hivyo ofisini kwa sauti, kalamu iendelee kuandika.

MnewalaUghaibuni kaka yangu, asante sana. Hiyo ya bibi kufungua mlango nimeisoma mara mbili. Nina maswali mawili. La kwanza, huko serikali inatekeleza kweli au ni maneno ya kwenye makubaliano? La pili, mpwa wangu na mkewe wanatarajia mtoto mwezi ujao. Huyo atakuwa nani?

---

MmakondeWaKwale:

Naingilia kidogo nikiwa Kenya. Babu yangu alitoka Msumbiji kuja kukata mkonge, wengine walikwenda kwenye miwa, tukazaliwa Kwale na tukazeeka Kwale bila kitambulisho. Bila hicho huwezi kufungua akaunti benki wala kuandikisha laini ya simu. Tulitoka Kwale kwa miguu kuelekea Nairobi, Oktoba 2016 Rais Uhuru Kenyatta akaagiza tupewe uraia, tukahesabiwa kabila la 43. Mama yangu alipata kitambulisho akiwa mzee kabisa, na anatembea nacho kwenye upindo wa kanga mpaka leo. Dada, usiache kufuatilia. Peleka hao mashahidi.

---

MnewalaUghaibuni:

Mzee wa Nachingwea, shikamoo. Nakubali kwamba havifanani. Lakini hapo kwenye minara, wazee wa huku wanasema waliokuwa wakiumia kwa ukaguzi ni mkulima na mwenye mgonjwa. Mwenye silaha alikuwa na njia zake.

Dada, swali la kwanza. Maneno na matendo havikwenda pamoja siku zote. Kuna mwanamke wa huku, Emma DeSouza, alipeleka jambo hili mahakamani. Aliolewa na Mmarekani, akamwombea mumewe kibali akitumia pasipoti yake ya Ireland, pekee aliyowahi kuwa nayo. Serikali ya London ikamwambia sheria ya uraia ya 1981 inamhesabu Mwingereza kwa kuwa kazaliwa Ireland Kaskazini, kama hataki basi aukane kwanza uraia huo. Alikataa. Atakanaje kitu ambacho hakuwahi kukidai? Alishinda mara ya kwanza, rufaa ya 2019 ikampa ushindi serikali, lakini kelele zilikuwa kubwa na mwaka 2020 kanuni za uhamiaji zikabadilishwa, watu kama yeye wakaruhusiwa. Sheria ya 1981 yenyewe haikuguswa. Kwa hiyo hata huku ofisi inaweza kukuambia wewe ni nani. Tofauti ni kwamba ana karatasi ya 1998 ya kuwaonyesha, na wewe ofisini kwako huna ya namna hiyo.

Swali la pili, mtoto. Kuzaliwa huku tu hakutoshi siku hizi. Ili azaliwe Mwingereza, mzazi mmoja awe raia au awe na kibali cha kuishi bila kikomo siku mtoto anapozaliwa. Kwa upande wa Ireland, kura ya maoni ya 2004 ilibadilisha mambo: wazazi wakiwa wageni, mmoja wao awe ameishi kihalali kisiwani miaka mitatu kati ya minne kabla ya mtoto kuzaliwa. Muda wa masomo hauhesabiwi, wa kazi unahesabiwa. Kama mpwa wako kaja moja kwa moja kwa kazi ya uuguzi na miaka hiyo imetimia, mtoto anaweza kudai uraia wa Ireland ingawa kazaliwa hospitali ya Uingereza na wazazi wote Wamakonde. Akusanye mikataba ya kazi, hati za mshahara na karatasi za nyumba kuanzia sasa, maana atatakiwa kuthibitisha kila mwaka.

Kwetu Tanzania mtoto anarithi uraia kwa mzazi, na anaweza kushika vyote hadi afike miaka 18, hapo atatakiwa achague. Wamwandikishe kuzaliwa ndani ya siku 42, hiyo ni sheria ya huku, halafu wawasiliane na ubalozi wetu London. Na kwenye fomu wasiache wazi sehemu ya mahali alipozaliwa bibi. Waandike Kilambo.